Saadani: hifadhi tulivu, dereva asiyejua utulivu

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa.

Tulimpeleka mama Saadani siku zile shule zimefungwa. Mama amezaliwa Pangani na amezeekea Pangani, na miaka yote hiyo tembo kwake ni habari za asubuhi: kaingia shamba la fulani, kala mahindi, kaacha nyayo. Kumwona kwa macho, hajawahi. Nikasema safari hii atamwona. Tukakodi gari na dereva kwa kampuni moja ya Tanga mjini, tukavuka kwa kivuko hadi Bweni, tukashika njia ya Mkwaja.

Hifadhi yenyewe haina kosa. Watu wanakimbilia Serengeti na Ngorongoro, Saadani wanaisahau, ingawa ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na hakuna nyingine Tanzania Bara inayopakana na bahari. Asubuhi nzima tulipishana na gari moja tu. Unamtazama kuro anakula majani, na ukinyamaza unasikia mawimbi.

Ukinyamaza! Dereva wetu alifungua redio tangu Bweni, na injini hakuizima hata mara moja. Twiga tukawapita, ngiri tukawapita. Nikavumilia.

Halafu akatokea tembo jike na mtoto wake, pembeni kabisa mwa barabara, wanataka kuvuka. Mama akanishika mkono. Akamwambia dereva kwa upole, "Mwanangu, zima gari kidogo nimtazame."

Unajua alijibu nini? "Bi mkubwa, huyo ni tembo tu, mbele wapo wengine. Tutachelewa boti." Akakanyaga mafuta pale pale, gari likanguruma, yule tembo akageuka na mwanawe wakarudi porini. Mama akaambulia mgongo.

Boti yenyewe, ya kutembeza watu Mto Wami, ilikuwa ya saa tisa alasiri. Pale ilikuwa saa nne asubuhi! Na mbele hapakuwa na tembo mwingine. Nilipomkabili akasema abiria wake wengine huwa hawalalamiki. Mama alilalamika wapi? Aliomba. Mtu mzima wa umri wa bibi yake anamwomba dakika mbili, tena tumeshalipa siku nzima! Mama hakusema neno tena mpaka Mto Wami.

Na hapo Wami ndipo ninaposhindwa kuandika "msiende" kama nilivyokusudia. Kijana wa boti alipowaona viboko alizima mashine bila kuambiwa, akaacha boti ielee. "Bibi, tulia uwasikie." Tukawasikia wakipumua, mmoja baada ya mwingine. Mamba amelala ukingoni kinywa wazi, juu mitini mbega wanarukaruka. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Yule kijana Mungu ampe umri mrefu.

Basi nendeni Saadani, nendeni hata kesho. Ila kabla hujatoa hela muulize dereva: ukimwona mnyama, unazima gari? Akisitasita, tafuta mwingine. Mimi kwa kampuni ile sirudi, hata wanibebe bure, na pole waliyonitumia kwa simu haijanitoka kooni. Nimemwahidi mama tutarudi kwa gari la shemeji.

Jana usiku tunakula, akaniuliza, "Yule tembo na mwanawe, unadhani baadaye walivuka?"