TAHADHARI: Mafundi wa paa wanaogonga milango na bamba la uongo la "risasi namba 5"

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa mnaokaa kwenye nyumba za zamani za vigae, someni hii kabla hamjamfungulia mlango fundi ambaye hamkumwita.

Mwezi wa nne walinijia vijana wawili na gari jeupe lisilo na jina. Walidai walikuwa juu ya paa la jirani, wakaona bonde la paa langu limepasuka. Bonde ni pale miteremko miwili inapokutana na maji ya pande zote mbili yanapoteremkia. Nyumba nyingi za huku hutandikwa hapo bamba la risasi, ile metali laini na nzito inayoitwa "lead" kwa Kiingereza. Sisi tumezoea bati lililokunjwa, nikajiona mshamba, nikakubali. Pauni 1,400 taslimu, kwa "risasi namba 5"; namba huonesha unene wa bamba, kubwa zaidi ni nene zaidi. Jirani nilikuja kumuuliza baadaye sana. Hakuna fundi aliyepanda kwake.

Saa nane mchana walikuwa wameshamaliza. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Ile risasi ya zamani wakaipakia garini, eti wananisaidia kutupa takataka. Takataka gani! Risasi chakavu inauzwa kwa kilo, na ya kwangu ilikuwa nene kuliko waliyoniwekea.

Mvua za Novemba zilipoanza, dari ya chumba cha watoto ikaota doa la rangi ya chai. Nikatafuta fundi anayefahamika, mzee mmoja Mwingereza asiye na maneno mengi. Akavua vigae vichache, akaniambia nipande ngazi nione mwenyewe.

Akapima unene: milimita 1.3. Hiyo ni namba 3. Namba 4 ina milimita 1.8, na namba 5 niliyoilipia ina 2.24. Lakini unene peke yake usingeniletea maji ndani. Walitandika kipande kimoja cha mita 4 toka juu mpaka chini, wakakipigilia misumari kingo zote mbili. Risasi hutanuka ikipigwa jua na kusinyaa ikipoa. Kipande cha urefu huo, joto likipanda nyuzi 50, hurefuka karibu milimita 6. Kikibanwa kila upande kitaenda wapi? Kinavimba, kinajikunja, mwishowe kinachanika. Ndiyo sababu bonde hujengwa kwa vipande vifupi, visivyozidi mita 2 kwa namba 5 na mita 1.5 kwa namba 4, cha juu kikilalia cha chini kwa milimita 150 au zaidi, na misumari ya shaba ikipigwa kwenye ncha ya juu tu. Yangu ilikuwa misumari ya kawaida, imeshashika kutu.

Saruji nayo waliimwaga moja kwa moja juu ya risasi, bila ule ukanda wa kutenganisha, na vigae vya pande mbili vikaachiana nafasi ya vidole viwili. Majani ya mti wa jirani yakaziba, maji yakapanda ubavuni. Hata mafuta ya kupaka risasi mpya hawakupaka. Ndiyo maana vigae vyote vya chini vina michirizi myeupe mpaka leo. Mbao zilizooza walizifunika tu.

Sheria ya hapa inakupa siku 14 za kughairi mkataba uliouingia mlangoni kwako, na fundi anatakiwa akupe haki hiyo kwa maandishi. Mimi niliachiwa kikaratasi chenye namba ya simu ambayo haipatikani. Nimeripoti Citizens Advice, shirika linaloshauri wananchi, nao hupeleka taarifa Trading Standards, idara inayofuatilia wafanyabiashara wadanganyifu. Pesa sizitarajii.

Mkilazimika kufanya kazi hii, tafuteni mafundi wawili watatu wenyewe, na roli ya risasi muione kabla haijapandishwa. Ina alama ya rangi: kijani ni namba 3, buluu namba 4, nyekundu namba 5. Jaribuni na kuinyanyua. Roli ya namba 5 yenye upana wa milimita 450 na urefu wa mita 3 ina kama kilo 34. Yule kijana wa gari jeupe alipanda ngazi na ya kwake begani huku akipiga mluzi, nami nikamsifu kwa nguvu.

Jumamosi iliyopita gari jeupe lile lile lilikuwa mtaa wa pili, na mmoja wao alikuwa akimwonesha bibi mmoja kidole juu ya paa lake.