Nimerekodi odisheni kule kwa mablanketi Ntinda, mara nne sasa, haya ndo maoni yangu

Hiki kistudio hakina kibao wala jina, ukifika Ntinda hapa Kampala ukaanza kuulizia watu watakuangalia tu. Sisi waigizaji tunakiita kule kwa mablanketi, maana kuta zote pamoja na mlango zimefunikwa yale mablanketi mazito ya kijivu ya kuzuia kelele. Kiko ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, ngazi ziko nje, taa hakuna, ukienda jioni washa tochi ya simu. Nimeenda mara nne tangu mwaka jana na kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi ile tepu, yaani video ya odisheni ya kuombea kazi, ulirekodi wapi, kwa hiyo naandika mara moja niache kujibu mmoja mmoja.

Kwa wasiojua biashara yetu, siku hizi maprodyusa wa Nairobi na Dar hawakuiti tena. Wanakutumia kurasa mbili za skripti kwa WhatsApp saa mbili usiku, eti wanataka video kesho mchana. Unajirekodi, unatuma, unasubiri. Zamani nilikuwa napanda basi la usiku hapa Kampala, Busia mpakani unaamshwa ukagongewe mhuri macho yamefunga, unafika Nairobi miguu imevimba, unanawa uso kwenye choo cha kituo cha mafuta, unakaa kwenye foleni mpaka saa nane mchana, unaigiza dakika mbili, unaambiwa asante tutakupigia. Basi, unapanda tena basi. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba elfu sitini za Uganda kwa saa moja pale kwa mablanketi ni pesa nyingi huwa namwacha aongee, hajawahi kulala Busia huyo.

Kwa hizo elfu sitini unapata kamera, taa mbili, ukuta mmoja uliopakwa buluu iliyofifia, kijana wa kamera ambaye pia anakukatia video palepale, na msomaji wa kukusomea sehemu ya mwenzako. Ukizidisha dakika kumi hakuna anayekunja uso.

Yule kijana anajua kazi, nimwongelee kidogo. Kuna kitu nimekikosea miaka yote nilipokuwa najirekodi nyumbani kwa simu mdogo wangu akinisomea: msomaji anakaa karibu na kamera kuliko wewe, maiki inamsikia yeye kwanza, matokeo yake prodyusa anasikia mdogo wako anafoka na wewe unanong'ona huko mbali. Huyu kijana anakubandika maiki ndogo kwenye kola, msomaji anawekwa kiti pembeni ya lenzi na nyuma kidogo, anaambiwa asome chini chini. Macho unayatua kwenye sikio la msomaji, sio ndani ya lenzi, lenzi ni ya kujitambulisha tu mwanzoni, jina, urefu, unaishi mji gani. Fremu kuanzia kifuani mpaka juu kidogo ya kichwa. Na anakurekodi mara mbili kwa namna mbili tofauti, hataki urudie kitu kilekile kama kasuku.

Lakini mi sikuja kusifia kamera. Kinachonirudisha pale ni Mama.

Mama ni Mnubi wa Bombo, mtu mzima, amekaa Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi, na ndiye msomaji wa Kiswahili. Anakuja na kitambaa anachoshona, anashona mpaka umwambie uko tayari, anavaa miwani, anasoma. Siku ya kwanza nilikuwa na sentensi moja ya kufungulia, nakumbuka mpaka leo: gari la mkuu limefika, fungueni barabara. Sasa mi ni Muganda, Kiswahili nilikiokota Busia kwa senga wangu, yaani shangazi, aliyekuwa anauza mitumba sokoni, na ulimi wa Kiganda unajulikana, r inatoka vizuri ikija baada ya i au e, penginepo inageuka l yenyewe bila kukuomba ruhusa. Nikasema kwa nguvu zote, "Gali la mkuu limefika, fungueni balabala!" Mama akavua miwani. "Ghali nini mwanangu, nyanya?"

Nilicheka mpaka kijana akazima kamera.

Alafu hakuniacha hapo. Akanikalisha dakika ishirini, gari, barabara, habari, kura, tukifika kura anauliza unapiga au unakula. Hakunihesabia hiyo muda. Na alinieleza kitu ambacho walimu wangu wa Kiswahili hawakunieleza, kwamba lafudhi ya Kampala haina ubaya wowote kama muhusika ni mtu wa Kampala, ubaya ni pale unapoambiwa wewe ni mtu wa Tanga na ulimi bado uko Nakawa hapa Kampala. Akanikumbusha yule Mmarekani Forest Whitaker aliyekuja hapa kucheza Amin kwenye filamu ya 2006, alijifunza Kiswahili, akajifunza mpaka kupiga akodiani, akakaa na watu waliomjua Amin, mwaka uliofuata akachukua Oscar. "Yule ametoka Marekani akajifunza. Wewe umetoka Ntinda stejini kwa boda."

Haya, nilikubali.

Jambo lingine kuhusu yule mama, na hili ndo la kulipia. Mi nimekulia jukwaani. Mtu aliyecheza mbele ya watu wa Kampala anajua, kuanzia pale Nashino thieta, ukumbi wa taifa wa maigizo, ambayo imefunguliwa tangu 1959 mpaka kumbi za mitaani, watu wanaongea, wanakujibu, mtoto analia, muuza karanga anapita, sauti yako lazima imfikie aliyekaa nyuma kabisa la sivyo wanakuzomea. Miaka kumi na tano nimejaza ukumbi kwa sauti. Sasa mbele ya lenzi sauti ile inatisha, unaonekana kama unagombana na mtu asiyekuwepo. Kila mwelekezi ameniambia punguza, na nikipunguza nakuwa kama mgonjwa. Mama hakuniambia punguza. Tulikuwa na onyesho la mume na mke, yeye akaanza kusoma sehemu ya mke taratibu sana, karibu simsikii, ikabidi niinamie mbele nimsikilize, na nilipomjibu nikajikuta nimejibu kwa sauti ya mtu aliye chumbani kwake na watoto wamelala. Tulirudia, safari hii akasoma kama amekasirika, jibu langu likabadilika bila mimi kupanga. Niliporudi nyumbani niliangalia ile tepu mara tano.

Kuna watu watasema hayo ni mambo ya kawaida, msomaji mzuri ni msomaji mzuri. Sawa. Nionyeshe mwingine hapa mjini anayesoma Kiswahili namna hiyo.

Maana shida yetu ya Kiswahili hapa Uganda mnaijua. Serikali imekikubali kuwa lugha rasmi, baraza la mawaziri lilipitisha 2022 pamoja na kufundishwa shuleni, ni jambo zuri, lakini kwenye skripti bado Kiswahili ni cha askari na jambazi. Mzee mmoja aliwahi kuniambia akisikia tu "lala chini" tumbo linamuuma, miaka ile watu walikisikia kutoka kwa wenye bunduki. Nimecheza askari mara tisa. Jambazi mara nne. Ukivuka mpaka kwenda Nairobi unakutana na upande wa pili, huko Mganda ni mtu wa kuchekesha kwa lafudhi yake, anapiga magoti, anaitikia, basi. Kwa hiyo huku unatisha, kule unachekesha, na mtu ni yuleyule.

Na sisi wenyewe sio watakatifu. Filamu ya Queen of Katwe, ya binti mcheza chesi wa mtaa wa Katwe hapa Kampala, ilipotoka 2016 nilikuwa wa kwanza kupiga kelele, kwa nini mama wa Katwe achezwe na Lupita Nyong'o Mkenya na mwalimu wa chesi achezwe na David Oyelowo Mwingereza, sisi hatupo? Aliyemcheza huyo binti mwenyewe, Madina Nalwanga, alikuwa wa hapahapa na alicheza vizuri, hilo sikulisema. Miaka miwili baadaye nikapata kasehemu ka Mtanzania kwenye tamthilia, mtu wa Dar akaandika kwa nini wamemchukua huyu Mganda na sisi tupo. Nilikaa kimya, ningemjibu nini. Alafu Daniel Kaluuya alipochukua Oscar 2021 steji nzima ya boda walikuwa wanasema mtoto wetu, na mimi nikasema hivyohivyo, kazaliwa London lakini wazazi ni Waganda, yumo. Florence Kasumba naye kazaliwa hapa Kampala akakulia Ujerumani, yumo pia. Tunajua kuhesabu wetu tukitaka.

Kuhusu umaarufu, kwa vile nimeulizwa na hilo. Ile kazi ya jambazi iliyoonyeshwa upande wa Kenya ilinifanya nijulikane mahali pamoja tu duniani, soko la Busia. Nilienda kumsalimia senga, mama wa dagaa akakataa kuniuzia. Wallahi. Akasema, "Wewe si ndiye uliyemchoma yule mjane?" Senga akaja kunitetea, yule mama akamwambia na wewe unafuga nyoka. Senga huyuhuyu ndiye aliyekuwa na CD zote za Kanumba, yule mwigizaji wa Tanzania, kwenye kibanda chake cha mitumba, na Kanumba alipofariki Aprili 2012 senga alifunga biashara siku nzima, Dar hajawahi kuifikia hata kwa ndoto. Mi nikaona kumbe mtu anaweza kufiwa na jirani aliye kilomita elfu moja na zaidi.

Ila usivimbe kichwa. Nilijiona pia kwenye kibanda cha video Kireka, shilingi elfu moja kuingia, tamthilia yetu imewekewa vijei anayetafsiri juu kwa Kiganda. Nimetokea mimi, kikosi changu nyuma, nafungua mdomo kusema ile sentensi niliyoilalia wiki nzima, vijei akanifunika kabisa akasema kwa Kiganda eti huyu anadaiwa hela ya kikomando, ile chapati na maharage. Kibanda chote chini kwa kicheko. Jirani yangu ananigonga bega, "Vijei huyu ni moto," hajanitambua wala nini. Nilikula karanga zangu.

Turudi studio, ubaya wake. Joto kwanza, ukiwa ndani ya mablanketi yale saa nane mchana unatoka jasho na poda inayeyuka, nenda asubuhi. Chini kuna mtu wa kuchomelea mageti, akiwasha mashine mnasimama wote mnasubiri, na muda wako unaenda. Umeme, unaweza kufika ukakuta Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, imeisha na kijana anaanza kupigia watu simu, siku moja nililipia tokeni mimi ndo tukarekodi, alinirudishia lakini baada ya siku tatu. Pa kubadilishia nguo hakuna, Mama anageukia ukutani. Faili wanakutumia palepale lakini bando ni yako, hakikisha ina nguvu kabla hujaondoka, mi nimewahi kupanda taksi nikidhani faili imeshaenda, kumbe iko asilimia kumi na mbili.

Katika tepu nne nimepata kazi moja. Siku mbili Nairobi, nacheza mwalimu wa hesabu, mara ya kwanza kuongea Kiswahili kwenye kamera bila bunduki mkononi. Nilimpelekea Mama kanga, akaikagua pindo kwanza, ndo akasema asante.

Ijumaa msiende, Mama anakuwa kwao Bombo na kijana anasoma mwenyewe. Mi nilimpata siku hiyo akanisomea sehemu ya mke wangu anayejifungua, kwa sauti ileile ya kondakta anayeita watu wa Mukono.