Plumpy'Nut: pakiti ya gramu 92 na mambo yanayoiharibia kazi

Pakiti hii ya karanga wanayopewa watoto waliodhoofu kwa utapiamlo mkali, ikiwemo huku Malindi na Magarini, ina gramu 92 na kalori 500. Ndani mna karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Maji hayamo, na hapo ndipo ubora wake ulipo: vijidudu havistawi humo. Nyumba iliyokaukiwa kisima haihitaji kuchota maji wala kuwasha moto ndipo mtoto ale. Uji mtupu hushibisha tumbo, lakini haurudishi misuli.

Ni dawa. Hupewa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 kwa utepe, au aliyevimba miguu yote miwili. Bonyeza kwa kidole gumba sekunde 3; shimo likibaki, huo ni uvimbe. Kabla ya kwenda nayo nyumbani, lazima mtoto aonjeshwe palepale kliniki. Akiikataa, au akiwa anatapika au amelegea, alazwe na aanzishwe maziwa ya F-75, yaani maziwa maalumu ya tiba ya kuanzia, kidogo kidogo. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama.

Mtoto wa kilo 7 huhitaji takriban pakiti 3 kwa siku. Ifinyange kwanza kwa vidole, maana kwenye joto letu mafuta hujitenga, na mtoto akianza na mafuta matupu hukinai. Anyonye ziwa kwanza, kisha apewe pakiti kidogo kidogo, maji safi yakiwa karibu kwani hutia kiu. Usiipike wala usiichanganye na uji: moto huharibu vitamini, na uji humshibisha kabla hajamaliza kipimo chake.

Kasoro kubwa haimo ndani ya pakiti. Masika na vuli zikikosa, mbuzi hukauka maziwa, na pakiti za mtoto mmoja huliwa na ndugu zake wote. Uzito haupandi, kisha mama analaumiwa. Ni kumwonea. Familia ipewe chakula chake pamoja na pakiti hizo, la sivyo mtoto atarudi kliniki vilevile.

Tena usimwachishe pakiti kwa kuwa mashavu yamejaa. Uvimbe uwe umeisha, na utepe usome sentimita 12.5 au zaidi katika ziara mbili mfululizo.