Those Once Loyal ya Bolt Thrower: miguu inakimbia, mikono inatembea

Ipo dethi metali, ule muziki mzito wa magitaa makali na sauti ya kunguruma, inayokupiga kwa kasi, na ipo inayokukanyaga kwa uzito. Those Once Loyal, albamu ya nane na ya mwisho ya bendi ya Bolt Thrower, ni ya aina ya pili, na kwa mwendo huo wa kukanyaga hakuna albamu ninayoiweka juu yake. Ilitoka Novemba 2005 chini ya kampuni ya rekodi ya Metal Blade. Ina nyimbo tisa na inakaribia dakika 40. Kwa anayeuliza aanzie wapi na muziki wa vita wa mtindo wa zamani, jibu langu ni hii, hata kabla ya zile za miaka ya themanini na tisini zinazosifiwa zaidi.

Bendi ilianza mwaka 1986 mjini Coventry, Uingereza, na jina lake ni la silaha: upinde mkubwa wa kurushia mishale mizito, ulioko kwenye mchezo wa mezani wa Warhammer. Coventry wenyewe ni mji ulioteketezwa kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, na magofu ya kanisa lake kuu yameachwa yalivyo hadi leo. Sidai kwamba muziki huu umetoka kwenye magofu hayo, ila mtu aliyekulia mji kama huo hahitaji kufundishwa kwamba vita huacha mawe na majina. Kwenye albamu hii wapo Gavin Ward na Barry Thomson kwenye magitaa, Jo Bench kwenye besi, Martin Kearns kwenye ngoma, na Karl Willetts, aliyerudi kwenye maikrofoni mwaka 2004 baada ya albamu moja iliyoimbwa na Dave Ingram.

Tuanze na ngoma, maana siri iko huko. Bendi nyingi za dethi metali zikitaka ukali huongeza kasi: mikono na miguu vinakimbia pamoja, snea, ile ngoma ya mkono yenye mlio mkali, inalia kama bunduki ya rashasha. Kearns hafanyi hivyo ila mara chache. Miguu yake miwili inakimbia mfululizo kwenye ngoma kubwa, lakini mikono inatembea; snea inaanguka polepole, pale pale ambapo mguu wa askari kwenye gwaride ungekanyaga ardhi. Sikio linapokea vitu viwili kwa pamoja, mtetemo wa haraka chini na hatua nzito juu, na kichwa kinafuata hatua. Ndiyo maana wimbo ambao kwa hesabu ni wa mwendo wa kati unasikika kama kifaru kinachopanda mlima. Ukiondoa miguu ile, rifu, yaani vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa, zinabaki tupu. Ukiiharakisha mikono, uzito unapotea.

Juu ya ngoma kuna magitaa mawili, na anayejua muziki wa dansi atayaelewa haraka. Katika dansi kuna gitaa la solo, la ridhimu na besi, na solo ndilo linalobeba utamu. Hapa karibu muda wote magitaa yote mawili ni ridhimu. Yanapiga kitu kimoja, kwa nguvu moja, huku kiganja cha mkono wa kuchapia kimeegemea nyuzi karibu na daraja ili kila noti ikatike ghafla. Solo zipo, lakini ni fupi na zinatulia kwenye sauti chache zinazoimbika. Hakuna anayetaka kuonyesha vidole vyake. Pale ambapo dansi ingeingia kwenye chemko na magitaa kuachiwa yacheze, Bolt Thrower wanarudia rifu ile ile mara nne au nane, na kinachobadilika ni ngoma tu: kwanza hatua nzito, kisha miguu inaingia, kisha matoazi yanafunguka. Rifu haijaguswa, na bado unaisikia upya.

Hapo ndipo wanaowaiga hujikwaa. Kosa la kwanza ni kurudia rifu bila kubadilisha kitu chini yake, na kufika mara ya tano msikilizaji amechoka. La pili ni kulegeza nyuzi kupita kiasi bila kubadilisha nyuzi zenyewe. Seti ya kawaida ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (kwa elfu za inchi) ikishushwa hadi noti ya C inapwaya, na noti inayumba kila unapochapa kwa nguvu. Weka 11 hadi 54 au 12 hadi 56, kisha urekebishe shingo na daraja la gitaa upya. La tatu, na ndilo baya kuliko yote, ni kuongeza mkwaruzo wa amplifaya hadi mwisho. Mkwaruzo ukizidi, ule mkato wa kiganja unazama, noti zinashikana kuwa uji, na uzito uliokuwa ukiutafuta unageuka mvumo. Sikiliza wimbo wa The Killchain kwa makini: kila pigo la mkono linasikika peke yake. Magitaa yana mkwaruzo wa kutosha, hayajafurika.

Sifa hiyo wagawane na Andy Faulkner, aliyefanya kazi ya kurekodi na bendi katika studio ya Sable Rose, Coventry. Besi ya Jo Bench haijafichwa nyuma ya magitaa kama ilivyo desturi mbaya ya muziki huu. Inakaa chini yao kama zege chini ya ukuta. Huitambui mpaka uiondoe. Ukilinganisha na albamu yao ya Realm of Chaos ya 1989, ambako kila kitu kimejaa vumbi na moshi, hii ni safi zaidi. Wapo mashabiki wa zamani wanaolia kwamba usafi huo umeondoa uchafu mtamu. Nawaelewa, kwa sababu Realm of Chaos ina hofu ambayo hii haina. Lakini rifu za namna hii zinahitaji nafasi ya kusikika, na Those Once Loyal imezipa.

Nyimbo zenyewe. At First Light inaanza taratibu, kwa sauti za huzuni zinazojikusanya, na rifu kuu ikiingia tayari umekwisha kupangwa kwenye safu. Entrenched inafuata, fupi na isiyo na mzaha, na maudhui yake ni mahandaki. Kisha The Killchain, ambayo ndiyo ningempigia mtu mwenye dakika tano tu za kunipa: rifu yake kuu ni rahisi kiasi kwamba anayejifunza gitaa kwa miezi sita anaweza kuipiga, na ugumu wote uko kwenye kuipiga sawasawa na ngoma bila kukimbilia mbele. Granite Wall na wimbo uliobeba jina la albamu ndiyo moyo wa kazi hii. Anti-Tank (Dead Armour) ni kama jibu kwa wimbo wao wa Tank (Mk. I) walioutoa mwaka 1994, safari hii macho yakiwa kwa anayekilipua kifaru. Last Stand of Humanity ndiyo fupi kuliko zote. Imekaa mahali pazuri, ila ndiyo ninayoikumbuka kidogo zaidi. Salvo na When Cannons Fade zinafunga, zote zikizidi dakika tano, na hizo mbili msizikate katikati.

Karl Willetts hangurumi kama mnyama aliye shimoni. Mngurumo wake ni wa ofisa anayepiga amri: maneno yanasikika, silabi zinaangukia kwenye snea, na mtu anayejua Kiingereza kiasi anaweza kufuata bila karatasi ya mashairi. Hilo lina maana, kwa sababu mashairi si ya kushangilia mauaji. Anayesimama katikati ya nyimbo hizi ni askari wa kawaida, yule aliyetii, akafa, kisha akaandikwa kwenye jiwe. Jalada linasema hivyo hivyo: wapiga mizinga waliochongwa kwenye ukumbusho wa vita, miili imeinama kuzunguka mzinga wao. Anayepita mara kwa mara karibu na sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ataitambua lugha hiyo ya shaba mara moja. Na jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, linakumbusha kwamba wengi waliobeba mizigo ya jeshi hawakupata hata jiwe la kuandikwa jina.

Kasoro zipo. Willetts hubadilisha sauti kidogo sana, na msikilizaji mgeni akisikiliza albamu nzima kwa mara ya kwanza anaweza kuona nyimbo ya nne hadi ya sita ni kitu kimoja. Dawa yake ni kuisikiliza kwa mafungu: tatu za kwanza, pumzika, halafu tatu, halafu tatu. Baada ya mzunguko wa tatu hivi mipaka inaonekana yenyewe. Kasoro nyingine ni kwa mwenye kiu ya kasi tupu. Huyo hatatosheka hapa, na ni bora aambiwe mapema.

Sasa kuhusu namna ya kuisikiliza, maana albamu hii huhukumiwa vibaya kwa sababu ya spika. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema kwa hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na wa besi kwa hezi 41. Bolt Thrower wamelegeza nyuzi chini ya hapo. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti hizo. Unachosikia ni matoazi, mkwaruzo wa juu na mtu anayekaripia, halafu unasema dethi metali ni kelele. Tumia hedifoni zinazofunika sikio au spika zenye wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi sita na zaidi. Ukiwa na ikwalaiza, kile kirekebisha sauti, usiikunje kuwa umbo la V kwa kuinua besi na treble (sauti za juu) na kukata sauti za kati. Magitaa yanaishi kwenye hizo za kati, na ukizikata yanarudi nyuma ya ngoma. Iache bapa kwanza. Kama chumba kinavuma, punguza kidogo karibu na hezi 100 badala ya kuongeza juu.

Kwa anayenunua, CD ya kawaida inatosha kabisa. Toleo la digipaki (kasha la karatasi ngumu) lina wimbo wa ziada, A Symbol of Eight, ambao ni mzuri lakini unaharibu mwisho. When Cannons Fade imeandikwa ili iwe ya mwisho, kwa hiyo simamisha hapo na usikilize ule wa ziada siku nyingine. Santuri inafaa kwa mwenye sindano nzuri tu.

Bendi ilisema haitatoa albamu nyingine mpaka iweze kuipita hii. Walianza kuandika, wakaona nyimbo hazifiki, wakaacha. Martin Kearns alifariki tarehe 14 Septemba 2015, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, wenzake wakatangaza kwamba Bolt Thrower imekwisha.

Ukishaizoea, usirudi nyuma kwa mpangilio wa miaka. Fuata uzi wa rifu moja ambayo bendi imeipokeza kutoka albamu hadi albamu, katika nyimbo hizi: World Eater wa 1989, Cenotaph wa 1991, Embers wa 1992, na Powder Burns wa 1998. Zipange hizo nne kwa mfuatano, zipige bila kukatisha, na sikiliza jinsi rifu ile inavyozidi kuwa nzito kila inapopokelewa.