Kozi ya kujihami ya Tudor, Mombasa, kwa wanamichezo na mabaunsa: mikono wanaijua, mahakama bado

Sh. 4,000 kwa Jumamosi mbili, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Jumamosi ya kwanza pekee inarudisha pesa yako. Ya pili ina kasoro inayoweza kumpeleka mtu gereza la Shimo la Tewa.

Zoezi kuu ni la filimbi. Mistari miwili ya chaki sakafuni, hatua mbili kati yake. Mmoja amevaa kofia ya sponji, anavamia. Mwenzake anarudi nyuma hatua moja, viganja wazi usawa wa kidevu, na kusema kwa sauti: "Sitaki vita, rudi nyuma!" Maneno hayo ndiyo mashahidi watakayoyakumbuka. Mvamizi akishusha mikono, akigeuka au akianguka, filimbi inalia, na kila ngumi inayotua baada yake inaandikwa ubaoni. Wanaoandikwa zaidi ni mabondia. Mwili wao umezoea kuporomosha ngumi tatu mfululizo, na ile ya tatu hutoka kabla jicho halijaona kwamba mtu amekwisha. Ngumi hiyo ya tatu ndiyo kesi yenyewe.

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaipima nguvu ya kujihami kwa misingi ya sheria ya Kiingereza. Katika kesi ya Palmer ya 1971 ilikubaliwa kwamba aliyevamiwa hawezi kupima kipigo chake kama dhahabu mizanini. Lakini hatari ikishapita, utetezi nao umepita. Mkufunzi analieleza hili vizuri mno, na anaizima ile hadithi ya mitaani kwamba mikono ya bondia imesajiliwa kama silaha. Haijasajiliwa popote, ingawa hakimu anaweza kuutazama ujuzi wako anapopima kama ulizidisha.

Anapendelea kiganja kuliko ngumi, na ana haki. Ngumi isiyofungwa bendeji huvunjika mfupa ulio chini ya kidole kidogo. Ikichanwa na meno, vijidudu huingia hadi kwenye kiungo. Ioshwe na ionwe na daktari usiku uleule. La kuogopwa zaidi ni kisogo cha mtu kugonga saruji: pigo ni moja, lakini majeraha yanakuwa mawili, na lawama ya yote ni yako.

Jumamosi ya pili inaharibika kwa video za Marekani. Saa nzima inakwenda kwa upendeleo wa juri, yaani raia wanaochaguliwa kuamua kesi: jinsi wakili anavyowahoji raia, anavyomkataa mwenye chuki dhidi ya mwanamichezo tajiri, na marufuku ya 1986 ya kuwakataa watu kwa rangi yao. Kisha inakuja kesi ya Ben Stokes, mchezaji kriketi wa Uingereza aliyepigana nje ya klabu mjini Bristol Septemba 2017. Upande wa mashtaka ulidai alivuka kutoka kujihami hadi kulipiza. Yeye alisema alikuwa akijilinda na kuwalinda wengine. Juri lilimwachilia Agosti 2018. Mfano mzuri, ila Mombasa hakuna juri. Hata wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa 2007.

Hapa hakimu anaamua peke yake, na ni lazima aandike sababu zake, jambo ambalo juri halifanyi. Sababu hizo ndizo utakazozikatia rufaa ndani ya siku 14. Ukihofia upendeleo, unaomba hakimu ajiondoe kwa hoja zinazoonekana. Kusema tu kwamba magazeti yamekuchafua hakutoshi.

Saa ile ingetumika kwa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Alama ya daktari kwenye fomu hiyo ndiyo inayovuta shtaka: madhara ya kawaida ni kifungu cha 251, hadi miaka mitano, madhara makubwa ni cha 234, hadi kifungo cha maisha. Aliyejihami naye ana michubuko, basi aripoti, achukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na P3 yake, asingoje mwenzake atangulie kuwa mlalamishi. Picha za CCTV hufutika mashine inapoandika juu yake, kwa hiyo wakili aziombe kwa barua mapema, pamoja na cheti cha kuthibitisha rekodi za kielektroniki, cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti hicho, video ya kwenye simu inapingwa mlangoni. Na mkamatwa wa Ijumaa usiku ajue kwamba zile saa 24 za Katiba za kumfikisha mtu mahakamani zikiishia nje ya muda wa mahakama, anaweza kulala ndani hadi Jumatatu. Haki ya kunyamaza inatajwa kwa sentensi moja tu, na ndiyo kinga ya kwanza kwa mtu aliye bado na hasira na kinywaji kichwani.

Lipia Jumamosi ya kwanza peke yake. Wanaikubali kwa Sh. 2,200. Nenda na bendeji zako na kinga ya meno, maana za pale huazimwa zikiwa bado na jasho la aliyetangulia.