Sukari ya mfuko mzima Dodoma: ipi ushike kwanza, ipi uiache dukani

Ukiuza chai, maandazi, keki au ubuyu hapa Dodoma, sukari inakula mtaji wako kila wiki. Kuichukua kilo moja moja kwa Mangi ni kumwachia faida ambayo ingebaki kwako. Piga hesabu ndogo tu: tofauti ya shilingi 200 kwa kilo ni shilingi 10,000 kwa mfuko wa kilo 50. Toa nauli ya bajaji kutoka Majengo au Soko la Job Ndugai hadi kwako, kinachobaki ndicho unachookoa. Kama nauli inameza chote, nunueni wawili watatu kwa pamoja, mlipie safari moja.

Kabla ya kuzipanga sukari hizi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, niseme jambo ninaloona linawagharimu wengi: weupe hauongezi utamu. Sukari iliyosafishwa hadi mwisho ni sukrozi, yaani ule utamu wenyewe, karibu asilimia 99.9. Ile ya kahawia hafifu inayotoka viwanda vyetu haiko mbali na hapo. Kinachoipa rangi ni utando mwembamba wa molasi, yaani ile shira nyeusi ya miwa, uliobaki kwenye punje. Wafanyabiashara wakubwa hupima rangi hiyo kwa kipimo kinachoitwa ICUMSA, na namba ikiwa ndogo sukari ni nyeupe zaidi. Iliyosafishwa kabisa huwa 45 kushuka chini, wakati sukari ghafi inayosafirishwa kwa meli kutoka Brazil ili ikasafishwe kwingine huwa kati ya 600 na 1,200. Ukiona namba hiyo kwenye mfuko, inakueleza rangi. Utamu ni ule ule.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza, bila kusita, naipa sukari ya kahawia hafifu ya viwanda vya ndani, mfuko wa kilo 50. Sisi wa Dodoma tuna bahati ya kuwa jirani na Morogoro, ambako kuna viwanda vya Kilombero na Mtibwa; kiwanda cha TPC cha Moshi nacho hakiko mbali sana kama kile cha Kagera. Kwa chai, uji, maandazi, chapati za sukari, kashata na jamu ya zabibu, sukari hii inatosha na kuzidi. Kwenye kashata naipendelea kuliko nyeupe, kwa sababu ile molasi kidogo inaleta ladha ya kuungua vizuri. Hata ubuyu wa rangi hauhitaji nyeupe: ukishachemsha shira na kutia rangi nyekundu, hakuna mteja atakayejua ulianza na sukari gani. Shira ya kahawia hutoa povu la juu inapochemka. Liengue kwa kijiko, basi.

Mama lishe atataka kujua mfuko unafika wapi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4, hivyo kikombe cha vijiko viwili ni gramu 8, na kilo moja hutoa vikombe 125. Lakini wateja wetu huchota kijiko kilichojaa kilima, na hapo kilo hiyo haifiki hata vikombe 90. Tia sukari mwenyewe kwenye birika kabla ya kumimina. Utaokoa zaidi ya utakachookoa kwa kuhangaika na bei ya mfuko.

Nafasi ya pili ni nyeupe iliyosafishwa, yenye punje ndogo, mfuko wa kilo 25 kama unaupata. Hii ni ya kazi ambayo rangi inaonekana: keki nyeupe, krimu ya kupambia, juisi ya ndimu au ya tangawizi iliyochujwa, barafu za maziwa. Wapishi wa keki waangalie punje kuliko weupe. Unapopiga siagi na sukari, punje ndogo huingiza hewa vizuri na kuyeyuka kabla keki haijaiva. Punje kubwa hubaki, na ndizo zinazoacha madoadoa juu ya keki na kuifanya iwe nzito. Chukua kiganja cha sukari, kisugue kati ya vidole, kabla hujauliza bei.

Hapa kuna tahadhari ya kweli. Sukari nyeupe ya viwandani huingizwa nchini kwa kibali maalumu na kwa nafuu ya ushuru, ili itumiwe na watengenezaji wa soda, pipi na dawa. Haitakiwi kuuzwa sokoni kwa matumizi ya nyumbani. Mfuko ulioandikwa kuwa ni wa matumizi ya viwanda, hata ukiwa wa bei ya kuvutia, uache. Ukikamatwa nao, biashara yako ndogo haina pa kujificha.

Ya tatu ni sukari ya unga, ile ya aising. Usiinunue kwa wingi, kwa kuwa huganda upesi. Saga nyeupe yako kwenye blenda kavu, tia kijiko cha wanga wa mahindi kwa kila kikombe, chekecha, tumia siku hiyo hiyo.

Mwisho kabisa kwenye orodha yangu ni sukari iliyofungwa upya kwenye kiroba kisicho na jina. Huwezi kujua imetoka wapi, imechanganywa na nini, wala kama ni ile ya viwandani iliyobadilishwa nguo. Mfuko mzuri umeshonwa kwa mashine, uzi haujakatwa na kushonwa tena kwa mkono, una jina la kiwanda, uzito na alama ya TBS, Shirika la Viwango. Ukiwa na shaka, yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi: mchanga na vumbi vitatulia chini.

Kuhusu wakati wa kununua: viwanda vingi hufunga uzalishaji msimu wa masika, kuanzia Machi au Aprili hadi Mei, miwa isipoweza kutolewa mashambani kwa matope, na mitambo hukarabatiwa. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uvunaji mapema kuliko kawaida na bei ikapaa nchi nzima. Mwenye mtaji aweke mfuko wa ziada mwezi Februari.

Hewa kavu ya Dodoma inatusaidia kuihifadhi, isipokuwa kati ya Desemba na Aprili. Usiweke mfuko juu ya saruji tupu; upandishe kwenye mbao, uuache mbali na ukuta, na usiuweke chumba kimoja na sabuni, mafuta ya taa au dagaa, hasa ile ya kahawia. Ukishafunguliwa, hamishia kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana kwa sababu ya sisimizi. Ikiganda mabonge haijaharibika, ponda uendelee. Ikinuka uchachu, imeingia maji, usimpe mteja.

Na kabla bajaji haijaondoka, omba mfuko upandishwe kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Muuza jumla mwaminifu hakasiriki kwa hilo.