Agano Jipya na Zaburi la mfukoni: linamfaa askari aliye porini?

Mzazi au mke anayemnunulia Biblia askari anayekwenda operesheni mara nyingi huchagua iliyo kubwa na nzuri, yenye jalada la ngozi na zipu. Hiyo itabaki ndani ya sanduku kambini. Inayofika porini ni ile inayoingia mfuko wa kifua wa kombati: Agano Jipya na Zaburi, ukubwa wa kiganja, nyepesi kuliko simu. Hiyo ndiyo tunayoipima hapa, kwa Kiswahili cha Union Version, tafsiri ya zamani ya Biblia, na kipimo ni kimoja: je, itamshika mtu mkono miezi sita au mwaka mzima, usingizi ukiwa wa vipande na nyumbani kukiwa mbali?

Kabla ya kulipa, soma mgongo wa kitabu. Yapo matoleo matatu yanayofanana kwa sura: Agano Jipya peke yake, Agano Jipya na Zaburi, na lile lenye Mithali pia. La kwanza liache dukani. Askari aliyempoteza mwenzake asubuhi hana maneno ya kuomba jioni, na Zaburi ndizo zinazomwazima maneno. Ya 13 inamwuliza Mungu "hata lini". Ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote, na bado ni sala. Mtu akijua kwamba kilio cha namna hiyo kimo ndani ya Biblia yenyewe, haoni tena kwamba kuchoka kwake ni kukosa imani.

Tatizo ni kwamba wengi hupewa Zaburi ya 91 tu, imeandikwa kwenye kadi, kama kinga ya risasi. Hapo imani za wengi huvunjika. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Nani atakwenda kuwaambia jamaa zao kwamba sala zilipungua? Ibilisi mwenyewe aliinukuu zaburi hiyo alipomjaribu Yesu (Mathayo 4:6), akitaka aifanye dhamana ya kutoumia, na Yesu akakataa. Isomwe, ni zaburi nzuri, lakini isomwe pamoja na nyingine 149. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ziliuzwa Agano Jipya zenye jalada la chuma, za kuvaliwa juu ya moyo. Chuma chembamba kiasi kile hakizuii risasi ya bunduki. Kitabu hiki si hirizi.

Sasa ubora wa kitabu chenyewe. Kasoro kubwa kuliko zote ni wino mwekundu. Matoleo mengi huchapa maneno ya Yesu kwa rangi nyekundu, na usiku porini askari husomea tochi yenye mwanga mwekundu. Chini ya mwanga huo wino mwekundu hupotea kabisa. Mahubiri ya Mlimani, Mathayo 5 hadi 7, yanabaki karibu karatasi tupu yenye namba za mistari. Jaribu dukani: funika tochi ya simu kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, ile inayopitisha mwanga, fungua Yohana 14, utaona mwenyewe. Chagua toleo la wino mweusi mtupu. Kingo zilizopakwa dhahabu nazo ziache, zinametameta juani.

Jalada la plastiki laini halipatani na dawa ya mbu ya kujipaka. Dawa yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, huyeyusha baadhi ya plastiki, jalada likaanza kunata na kugandia kitambaa cha mfuko. Futa mikono kwanza. Mafuta ya bunduki ni mabaya zaidi, kwani karatasi hii nyembamba ikigusa mafuta huwa kama kioo, na maandishi ya upande wa pili yakaingiliana na unayosoma. Jasho na mvua huzuiwa na mfuko wa nailoni wenye zipu, ndani yake ukiweka kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja na viatu vipya. Cha kufungia kitabu kisiwe rababendi, ambayo joto huiyeyusha. Kata pete ya tyubu ya baiskeli, itadumu. Ukitaka kupigia mistari, tumia penseli. Wino wa kalamu hupenya ukurasa, na ukilowa hutawanyika. Na usiandike ndani jina la kikosi wala namba ya jeshi, maana kitabu kinaweza kudondoka kwenye doria.

Je, simu haitoshi? Kambini inatosha. Porini skrini huonekana kutoka mbali, chaji huisha, na mara nyingi simu hukusanywa.

Kwa mpango wa kusoma, hesabu ni rahisi. Agano Jipya lina sura 260: sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, mwaka umekwisha. Zaburi 150 huisha kwa mwezi ukifuata tarehe na kuongeza 30: tarehe 7 unasoma ya 7, 37, 67, 97 na 127. Tarehe 29 inaleta ya 119 yenye mistari 176. Ihamishie tarehe 31 mwezi ukiwa nayo, au uigawe kwa mafungu yake 22 ya mistari minane. Ukikosa siku tatu kwa ajili ya doria usilipe deni, rukia tarehe ya leo. Deni la kusoma ndilo linalowafanya wengi waache kabisa.

Lindoni hakusomwi, macho yana kazi nyingine. Kwa hiyo Zaburi ya 121, mistari minane, iwe kichwani kabla ya zamu. Iongezee 130:6, penye walinzi wanaoingoja asubuhi. Luka 3:14 nayo iwe karibu: askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwakataza kudhulumu, akawaambia watoshewe na mshahara wao. Mwenye dhamiri nzito hachelewi kuchoka.

Kuhusu tafsiri, Habari Njema husomeka upesi zaidi kwa mtu mwenye usingizi, nayo husema "uvumilivu". Union Version husema "saburi", na kwa kukariri ndiyo bora, kwa sababu Warumi 5:3-4 ina mapigo yanayoendana na mwendo wa miguu: dhiki, saburi, uthabiti wa moyo, tumaini.

Upungufu wake ni Agano la Kale lililokosekana. Hakuna Ayubu wala Maombolezo, na kinachouma zaidi ni kumkosa nabii Eliya chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, aliyeomba afe, na malaika hakumhubiria neno: alimwacha alale, akamwamsha ale mkate, naye Eliya akalala tena. Ni 1 Wafalme 19:4-8, mistari mitano tu. Inakiliwe kwa penseli kwenye ule ukurasa mtupu wa mwisho kabla kitabu hakijaingia mfukoni.